Nzuki wa Gundi na Watu wa Stima

Mchungaji, wazee, akina mama, majirani wa hapa Makindu na nyinyi mliosafiri kutoka Kyuso na Kwa Vonza, mimi ni Ndeti Kitonga, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, Josphat Nzuki Kitonga, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025, kazi ambayo niliikataa mara mbili, na mara mbili shemeji yangu Kalekye, mke wa marehemu, akanirudishia karatasi mkononi akisema kwamba aliyeyaanzisha maneno ndiye atakayeyamaliza.

Naona macho yenu yanawaendea wale wageni wenye fulana za njano zilizochorwa alama ya stima, na kuna mzee ameniuliza pale langoni kama wamekuja kukata laini, hapana jamani, hao ni Chama cha Wauzaji wa Vifaa vya Stima, na marehemu alikuwa mwanachama wao, yeye ambaye siku zote mlimjua kama mtengenezaji wa gundi ya kuunganisha paipu za maji. Mnajiuliza mtu wa maji alitafuta nini kwa watu wa stima, na wengine mmekuja na lile neno la sokoni, kwamba Nzuki alikufa akili zake zikiwa zimeharibika, na shemeji ananitaka niseme hapa, mbele ya jeneza, kama neno hilo ni kweli au ni uongo. Nimekaa na tarehe hizi wiki nzima, nimezipanga na kuzipangua, na sitawaficha, nimechanganyikiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1959 huko Kyuso, Kitui, kifungua mimba wa Mzee Kitonga na Mama Kanyiva, ingawa kitambulisho chake kinasema ni Januari mosi 1957, na mwaitu, mama yetu, alishikilia mpaka kufa kwake kwamba alijifungua wakati wa kuvuna ndengu, na ndengu kwetu hazivunwi Aprili. Nimechukua tarehe ya cheti cha ubatizo kwa sababu ndiyo yenye muhuri, mwenye nyingine abaki nayo.

Alisoma shule ya msingi huko huko Kyuso kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akapita mtihani, akaingia sekondari Januari 1974, lakini mwishoni mwa mwaka 1975, ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba, alikunja sare yake akaiweka juu ya kitanda changu, akasema kwamba mmoja wetu asome na mwingine akatafute kazi, na aliyesoma ni mimi.

Kuanzia mwaka 1976 hadi 1997 alifanya kazi kwenye miradi ya maji ya Kitui na Makueni, kwanza kama mchimba mitaro, halafu kama fundi, na wote waliofanya naye kazi watawaambia kwamba kaka yangu hangeweza kupita karibu na paipu inayovuja bila kusimama, hata kama paipu yenyewe ni ya mtu asiyemjua, hata kama tunachelewa harusi. Gundi zilizokuwa madukani zilimkera, alisema hazivumilii jua la kwetu, na tarehe 3 Machi 1998 akaanza kutengeneza yake mwenyewe hapa Makindu, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba hii, akaiita Kwata, neno letu la Kikamba la kushika. Ile ya kwanza aliichanganyia kwenye sufuria ya shemeji, ikashika mwiko, ikashika sufuria, mpaka leo mwiko na sufuria havijaachana, na shemeji anasema hiyo ndiyo gundi bora aliyowahi kutengeneza. Kibanda kikawa kiwanda chenye wafanyakazi kumi na mmoja, na makopo ya Kwata yakafika maduka yote ya hadwea ya barabara ya Mombasa.

Marehemu alimwona Kalekye kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya mtaro huko Kwa Vonza, yaani yeye ndiye aliyekuwa mtaroni, matope hadi kiunoni, Kalekye akipita juu na kumwuliza kama maji yatafika mwaka huo au wanachimba kaburi refu, na wakafunga ndoa kanisani huko huko tarehe 18 Desemba 1982. Mungu aliwajalia watoto watatu, Muthoki aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye ni muuguzi, Kasyoki wa mwaka 1987, ambaye alikuwa Nairobi akifanya kazi ya benki, na Mbinya, aliyezaliwa na kuondoka mwaka huo huo wa 1991 akiwa na miezi minane.

Sasa nafika pale pagumu, mnisikilize polepole. Tarehe 14 Juni 2023 marehemu alijiunga na hicho Chama cha Wauzaji wa Vifaa vya Stima, bila kumwambia mtu, na sisi tulijua alipokuja kanisani Jumapili na beji ya chama kwenye koti lake la suti. Baada ya hapo tukaanza kuona mambo, gari lake likajaa vipande vya paipu nyembamba ambazo hazijawahi kupitisha tone la maji, alikaa mezani akivivuta kama anayejaribu kumnyang'anya mtu asiyeonekana, na mara mbili alipatikana juu ya nyumba zinazojengwa, nyumba za watu wengine, amechuchumaa kati ya mafundi akichungulia kwenye matundu. Mnajua harufu ya gundi ile, ukiingia kiwandani macho yanalia, na watu walikuwa wameanza kusema kwamba harufu ya miaka ishirini na mitano imempanda kichwani, nami nikasema lisemwalo lipo. Hapana, ngoja nisome kama nilivyoandika, kwa sababu shemeji ananitazama. Wa kwanza kulisema nilikuwa mimi, nililisema pale nje ya kanisa siku ile ya beji, wengine walilipokea kwangu.

Jumamosi tarehe 5 Agosti 2023 niliitisha mkutano wa familia, nikawa mwenyekiti na pia katibu, maana ualimu haumtoki mtu, na kumbukumbu za mkutano ninazo hapa. Tuliamua kwamba mzee amechanganyikiwa, kwamba Kasyoki aache benki aje asimamie kiwanda, kwamba marehemu asiendeshe gari, na kwamba niandikie chama barua ya kumwondoa, nikaiandika jioni hiyo hiyo kwa mwandiko wangu mzuri. Marehemu alitueleza jambo moja tu, kwamba gundi haijui kama paipu inapitisha maji au inapitisha waya, akatuomba mmoja wetu, yeyote, aende naye siku moja tu kwenye nyumba inayojengwa aone kwa macho yake. Hakuna aliyekwenda, mimi nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mzee sasa anazungumza habari ya gundi kujua na kutojua, nikapiga mstari chini ya maneno hayo kama ushahidi.

Tangu siku hiyo marehemu hakubishana tena na mtu, alichunga mbuzi zake, alisalimia, alikula, na tukaambiana kwamba ugonjwa unazidi kwa sababu amenyamaza. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi aliamka, akaoga, akavaa ile suti na beji yake, akaketi kwenye kiti pale langoni mpaka saa sita mchana, halafu akaingia ndani na kubadilisha nguo, na ukimwuliza anakwenda wapi anakujibu kwamba haendi popote. Jamani, mngefikiri nini? Mimi nilimwambia Kasyoki kwamba sasa hata siku za wiki zimempotea.

Jumapili tarehe 28 Septemba 2025, saa nne asubuhi, wakijiandaa kwenda kanisani, marehemu alianguka akifunga kamba za viatu, mkono na mguu wa kulia ukakataa, akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya kichwa, na daktari akasema ni kiharusi, kipya, cha asubuhi hiyo. Muthoki alikuwa pale, akamweleza daktari kwamba baba amechanganyikiwa kwa miaka miwili, na daktari akarudia kuitazama picha, akasema kwamba picha haiwezi kusema kila kitu, lakini ukiacha pale palipoumia leo haoni kitu cha ajabu kwa mtu wa umri huu, halafu akauliza ni nani aliyempima na kusema amechanganyikiwa. Muthoki akanigeukia mimi. Ndugu zangu, kaka yangu alikuwa na binti muuguzi, alikuwa na mdogo wake anayejua kusoma na kuandika, na katika miaka miwili ile hakuna hata mmoja wetu aliyempeleka kwa daktari, sote tulingoja mkutano wangu ufanye kazi hiyo. Marehemu hakusema neno tena, na alituacha Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, Kalekye akiwa amemshika mkono ule mzima.

Jumatatu ya wiki hii nilikwenda kwa Mama Wacuka, mwenyekiti wa chama, ambaye duka lake la vifaa vya stima liko hapa hapa stendi, nikitaka tu tarehe kamili ya kujiunga ili historia hii isiwe na pengo, naye akashangaa kwamba nauliza tarehe badala ya kuuliza sababu. Akanionyesha zile paipu nyembamba, akanieleza kwamba fundi wa stima huzilaza ukutani na ndani ya sleb, yaani sakafu ya juu, kabla konkriti haijamwagwa, ili waya zipite humo, na kwamba mafundi wengi huzichomeka tu bila gundi, konkriti ikija zinaachana, simiti inaingia ndani, waya hazipiti, na nyumba mpya inapasuliwa. Marehemu aliliona hilo Kwa Vonza mapema mwaka 2023, akaja chamani kuuliza wauzaji ni gundi ya namna gani fundi wa stima angekubali kubeba, na Mama Wacuka anasema hakuna mtengenezaji mwingine wa gundi aliyewahi kuja kuketi nao na kuuliza. Naona mafundi wa stima mnatikisa vichwa, nyinyi mlijua, hakuna aliyewauliza, na hata nyumba yangu mwenyewe ina paipu hizo ndani ya ukuta.

Halafu nikamwuliza chama hukutana lini, akasema ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa nne hadi saa sita. Kwa hiyo alikuwa akivaa kwa ajili ya mkutano ambao mimi ndiye niliyemfungia mlango, na bado sielewi, kwa nini hakupanda bodaboda akaenda, kwa nini hakunitukana, alikuwa anawangoja wao au alikuwa anatungoja sisi, ile ilikuwa hasira, ilikuwa kiburi, au kuna ugonjwa kidogo kweli ambao mimi niliuleta kwa kumwambia kila siku kwamba anao? Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini hakuna aliyeniambia kwamba huja na maswali mengi kiasi hiki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa siku tisa za kumhangaikia, na zaidi yule daktari kwa swali lake. Tunawashukuru majirani mliolala hapa na shemeji, na wale wachache ambao katika miaka miwili hii mliendelea kumwuliza Nzuki ushauri wa mabomba kana kwamba hamjasikia lolote. Tunawashukuru wafanyakazi wa Kwata, na chama cha stima, ambao Mama Wacuka ameniambia kwamba barua yangu waliiweka kwenye faili bila kuijibu, na jina lake hawakulifuta.

Shemeji, umetaka jibu. Yale ninayoweza kuyaapia ni machache, lakini tarehe 5 Agosti 2023 katika chumba kile walikuwamo watu wanane, na mmoja tu ndiye aliyejua anachosema, na hakuwa katibu. Neno la sokoni ni langu, nalirudisha kwangu, na atakayelisema tena baada ya leo aseme kwamba ni Ndeti aliyelitunga.

Pumzika kwa amani, kaka Nzuki, mtu mwenye akili timamu.