Bi Kitana na Paka Mweupe wa Fundi

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, ifikapo saa kumi jioni, Bi Kitana atavua aproni yake ya kijani, ataikabidhi stoo, na utumishi wake wa miaka thelathini na moja katika kliniki yetu ya wanyama utakuwa umefikia tamati. Jina lake la kwenye faili analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine tumemwita Bi Kitana tangu siku alipozichana nywele za Daktari dakika tano kabla ya wakaguzi kuingia, kwa kitana kilekile alichotoka kumchania mbwa. Daktari alishukuru. Mbwa hakuulizwa.

Alianza kazi kwa kuosha vizimba. Mwaka wa tatu ikagundulika kwamba wanyama waliotung'ata sisi sote walikuwa wakisinzia mikononi mwake, ndipo akapewa kazi ya kuwatembelea majumbani wale wasioweza kuletwa kliniki. Wengi wao walikuwa paka wazee wenye manyoya marefu. Paka akizeeka mgongo hukakamaa, hawezi tena kujipinda na kujilamba, na manyoya yake husokotana yakawa mafundo yanayovuta ngozi kila anapopiga hatua.

Sheria zake tunazijua kwa moyo. Mzee haogeshwi kwenye beseni, anafutwa kwa kitambaa chenye maji vuguvugu. Kila jicho lina kitambaa chake. Fundo hunyunyiziwa unga kidogo wa wanga, likafumuliwa kwa vidole, kisha kitana cha meno mapana, kisha cha meno ya karibu karibu. Mkasi hausogezwi karibu kabisa, maana ngozi ya paka mzee ni nyembamba na huinuka pamoja na manyoya. Mimi nilijaribu mkasi mara moja. Alivyonitazama, nilitamani ardhi ipasuke.

Na kadi zake hazikuwahi kudanganya. Kila anapotoka kwenye nyumba hujaza kadi yenye maswali matatu: anakula? anatembea? anajisafisha mwenyewe? Daktari huamini kwamba paka aliyeacha kujisafisha ameshakata tamaa ya kuishi. Kwa hiyo swali la mwisho likijibiwa Hapana mara tatu mfululizo, yeye mwenyewe huenda na begi lake, na ndani ya begi mna sindano ya kumlaza mnyama usingizi wa moja kwa moja.

Mwaka huu Bi Kitana alipewa nyumba mpya ya mwisho ya kutembelea. Mwenyeji ni fundi cherehani wa zamani, mzee aliyefiwa na mke miaka mingi, ambaye mikono yake inatetemeka kiasi cha kumwaga chai. Alikuwa na paka wawili waliozaliwa tumbo moja: Chokaa, mweupe, na Masizi, mweusi. Kwa miaka kumi na minane Masizi alimlamba ndugu yake kila siku baada ya chakula. Mwezi Aprili Masizi akafa. Fundi akamzika nyuma ya jiko, na baada ya wiki tatu Chokaa akawa na mafundo matatu makubwa kama ngumi.

Siku ya kwanza Fundi hakuuliza habari za mafundo. Alisema, "Huyu naye akiondoka, mwanangu, nitamwambia nani kwamba nimeamka?" Bi Kitana alitusimulia hayo akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

Siku hiyo alifumua mafundo mawili, la tatu akaliacha kwa Jumanne iliyofuata, maana Chokaa alikuwa amechoka. Jumanne ilipofika, fundo la tatu halikuwapo. Halikukatwa, lilikuwa limefumuliwa. Na pale katikati ya mabega, mahali ambapo hata paka kijana anapafikia kwa shida, manyoya yalikuwa na unyevu. Alipopitisha kitana, kikatoka na manyoya meusi.

Alidhani ni mabaki ya kwenye mto. Akaufua ule mto, akafagia chumba kizima, akachemsha vitana vyake. Jumanne ya tatu manyoya meusi yalizidi meupe. Akayatia kwenye bahasha akaja nayo kazini, na mimi nisiyejua kutulia nikaifungua. Yalikuwa laini na yanang'aa, na nikisema yalikuwa na joto najua mtanicheka. Niliirudisha bahasha mezani nikaenda kunawa mikono mara mbili.

Kuandika Ndiyo kungekuwa rahisi. Chokaa alikuwa msafi kuliko paka wote wa kliniki, na Ndiyo moja ingemwacha Fundi na mwenzake. Lakini Bi Kitana hakuwahi kuandika asichokiamini. Mara tatu aliandika Hapana, na mara mbili za mwisho akaongeza: "Lakini yupo anayemsafisha." Daktari akazisoma zile Hapana tatu, akamtania kwamba bila shaka yeye ndiye anayekwenda kwa siri Jumapili, kisha akachukua begi.

Tulikwenda watatu, saa nane mchana, jua likiwa kali, kwa kuwa nyumba hiyo nilikuwa nakabidhiwa mimi. Chokaa alikuwa amelala juu ya mto kando ya cherehani iliyofunikwa. Fundi akasimama kati yake na Daktari, akasema, "Daktari, keti kwanza. Hajamaliza."

Nilifikiri anasema Chokaa hajamaliza chakula. Bi Kitana akanishika mkono wa shati, akanionyesha kwa kidevu.

Manyoya ya shingoni mwa Chokaa yalilala, mstari mwembamba wa upana wa ulimi, yakalowa. Kisha mstari mwingine pembeni yake, na mwingine, polepole kuelekea mkiani. Nilisikia ule mkwaruzo mdogo ambao kila mwenye paka anaujua. Sikio moja likapinduliwa, likasafishwa ndani, likarudishwa. Ilipofika kiunoni, mahali panapomuuma, ile mistari ikawa mifupi na myepesi zaidi. Ubavuni mwake mto ulikuwa umebonyea, na hapakuwa na kitu. Chokaa alifumba macho, akikoroma kwa raha.

Hatukutikisika. Baada ya muda mto ukajaa tena taratibu. Daktari alisogea, akaweka kiganja mgongoni mwa Chokaa, akakiinua kikiwa kimelowa. "Tumwache," alisema, na begi halikufunguliwa. Tukirudi, aliendesha gari akalipita geti la kliniki bila kuliona, nasi hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Bi Kitana, kwa mafundo uliyoyafumua, kwa kadi ulizozijaza kwa haki, na kwa mkasi ulioninyang'anya, kliniki nzima inakushukuru. Ulistahili mtu jasiri zaidi wa kukurithi, lakini nipo mimi.

Jumanne iliyopita nilikwenda peke yangu. Chokaa hajambo. Aliyenifungulia mlango ni Fundi, na mvi zake zilikuwa zimelazwa upande mmoja, nadhifu, mbichi kwa maji. Kwenye kola yake palikuwa na manyoya meusi matatu. Nilimuuliza anaendeleaje. Akaniambia kwamba siku hizi haogopi tena ile siku Chokaa atakapoondoka. Kisha akaketi, akainamisha kichwa kidogo, akafumba macho, akaniomba kwa upole nisubiri nje.

Nilisubiri. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya na amani, Bi Kitana wetu, na tafadhali, siku za Jumanne simu yako usiizime.