Posho ya Kwenda Mlango wa Pili

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la ndoo na mabeseni, na mimi na jiko langu la mkaa tuko ubavuni mwake tangu mwenye duka hajaota ndevu. Wananiita Bibi Birika, nami sikatai, maana mengine wanayoniita nikiwa sipo nayajua. Asubuhi ile mwenye duka alitoka, akatutazama kama uchafu wa jana, akasema benchi linang'olewa leo, pale atapanga ndoo zake zionekane. Mwenye neno aingie dukani amwambie, lakini mmoja tu, hataki kelele. Akarudi ndani. Sasa benchi likiondoka, hawa wateja wangu watakunywa kahawa wima kama punda? Watahama, nami nibaki na habari za watu zimenijaa tumboni, sina wa kumwambia.

Mimi: Haya, nani anakwenda?

Gundi: Aende Wembe. Kinyozi amezoea kusema na watu wasioweza kukimbia.

Gundi ni fundi viatu. Jina hatukumpa kwa ajili ya viatu. Ni kwamba akishakaa habanduki, mpaka mkewe aje kumwanua kama nguo kambani.

Wembe: Kwenda naweza. Ila redio mmeisikia? Wabunge wameongezewa posho ya kikao. Mtu anakaa kitini, analipwa kwa kule kukaa, na mshahara wake uko palepale! Halafu mimi niwawakilishe bure, nina uso wa sadaka?

Nesi alikuwa ametoka zamu ya usiku, viatu kavua, miguu imemjaa.

Nesi: Wanalipwa kukaa? Mimi nimesimama wodini usiku kucha. Posho ya kusimama iko wapi?

Gundi: Dada, kusimama kungelipwa, nguzo ya umeme ingekuwa tajiri.

Nesi: Na kukaa kungelipwa, wewe ungekuwa na ghorofa.

Wembe: Tusimwonee mbunge. Huyu anampigia ana msiba, huyu karo, huyu paa limeezuliwa. Nyumba yake haina usingizi.

Nesi: Hata mimi napigiwa, niko bafuni na povu kichwani. Tofauti ni kwamba yeye akiugua anapandishwa ndege, mimi nikiugua napanga foleni nyuma ya wagonjwa wangu mwenyewe.

Gundi akakipiga kofi kigoda chake cha kushonea viatu.

Gundi: Ubaya uko kwenye viti. Kiti laini mno kinanyonya kumbukumbu, zinashukia huku chini. Mtu anaingia anatukumbuka wote, akiinuka hajui hata alikotoka. Wapeni vigoda kama changu, muone.

Wembe: We hujui kitu. Wananenepeshwa makusudi, siku ya kuulizwa wasiweze kukimbia.

Nesi: Walipwe kwa zamu, na matroni apite na tochi kuangalia nani kasinzia.

Mimi: Wembe, mwanangu, benchi!

Wembe: Naenda, Bibi. Lakini kwanza posho. Kikombe cha kikao, na kikombe cha usafiri.

Mimi: Usafiri wa wapi? Mlango si huo hapo!

Wembe: Soli italika. Muulize Gundi.

Gundi: Kweli, soli ile naijua, haifiki.

Basi nikamimina. Akataka na upande wa kivuli, Nesi akampisha. Akataka wa kumshikia mwavuli, Gundi akakubali kwa sharti amshikie akiwa amekaa. Kisha Mheshimiwa, maana ndivyo walivyokwisha kumwita, akadai kiinua mgongo: akirudi, kahawa ya bure mpaka kufa. Kwenda hajaenda! Nami kwa uroho wa benchi langu nikawa namimina tu, mpaka birika likakoroma.

Hapo ndipo akatoka dukani mama mtu mzima, mkoba kwapani. Habari zake nilikuwa nazo: mama mkwe wa mwenye duka, kaja juzi, na yule mkwe mbele yake hata kukohoa hakohoi. Vijana wakamwamkia, akaitikia.

Mama: Mkwe wangu amechoka kungoja, katokea mlango wa nyuma kwenda kumwita seremala. Kaniambia akija mtu wa benchi nimsikilize. Ni nani?

Wote tukamwonyesha Wembe.

Mama: Haya, baba. Wenzako wamekutuma useme nini?

Wembe akafungua mdomo. Akamtazama Gundi, Gundi akamtazama Nesi, Nesi akaanza kutafuta viatu vyake. Posho tulikuwa tumeshapitisha yote, hata mwavuli. La kusema hatukuwa nalo.

Mama: Basi nisogezeeni nikae, wakati mnakumbuka.

Akajibwaga katikati, akavua ndara, akavuta pumzi.

Mama: Mh, hapa pazuri. Ndani kote harufu ya plastiki. Kahawa ipo?

Nesi: Mheshimiwa kaimaliza.

Mimi: Ipo, mama mwenzangu, naibandika sasa hivi. Enhe, ni kweli niliyoyasikia kuhusu harusi ya binti yako mdogo?

Mama: Ulisikia nini wewe?

Akanisogelea. Mara mwenye duka huyo, na seremala nyuma na mtaimbo begani. Akamwona mama mkwe. Akasimama.

Seremala: Tajiri, nianzie wapi?

Mama: Mnataka kitu, baba? Mimi nangoja kahawa.

Nikachukua koleo, nikapunguza makaa jikoni, kahawa isifanye haraka kuchemka.