Zipora Enoki Mligo, Mama wa Nyumba Isiyopitisha Baridi

"Mama Ema, ukishaziba kote huko, siku ukipata shida wewe utatokea wapi?"

Swali hilo marehemu dada yetu mpendwa, Zipora Enoki Mligo, aliulizwa na jirani yake, Mzee Alfonsi, siku fundi alipokuwa akijenga tofali kwenye dirisha la chumba chake pale Lyamkena, Makambako. Ilikuwa Septemba mwaka 2023. Marehemu alicheka, akamjibu, "Nitatokea nilikoingilia, Baba. Wewe kaangalie kuku wako, wameshafika kwenye mboga zangu." Waliokuwepo wote wakacheka. Leo tukilikumbuka swali lile hatucheki.

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba mtusikilize mpaka mwisho. Tunaomba hivyo kwa sababu yapo maneno yanayotembea tangu wiki iliyopita, kutoka mashine ya kusaga mpaka stendi, kwamba marehemu aliuawa na mkwe wake Anneth, mke wa mwanawe Steven. Anneth yupo hapa, mnamwona. Familia imeona si vema kumzika marehemu na maneno hayo yakabaki juu ya ardhi. Kwa hiyo tutaeleza maisha yake kama yalivyokuwa, na siku zake za mwisho kama zilivyokuwa, bila kuongeza na bila kupunguza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Kichiwa, Njombe, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Enoki Mligo na Mama Rosemary, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa mwaka huohuo katika Kanisa la Kilutheri kijijini. Alipokuwa na miezi mitatu baridi ilishuka mpaka viazi vikaungua shambani kama vimemwagiwa maji ya moto. Watoto wawili wa majirani walikufa kwa kifua. Mama yetu alimfunga Zipora kifuani akakaa naye jikoni karibu na moto siku nne, hakutoka ila kwa haja. Baba alizoea kusema kwamba huyu mtoto alilelewa na moto kabla hajalelewa na watu. Alilisema kwa furaha, na sisi tulilisikia kwa furaha.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1970, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Hesabu alizijua, kuimba alikujua zaidi. Wakati ule kila mtoto alipeleka kuni shuleni asubuhi. Zipora aliondoka nyumbani na kijiti kimoja mkononi, akawafuata wenzake nyuma akiokota vilivyowaponyoka, akafika na mzigo mzima kichwani. Mwalimu akamuuliza, "Zipora, kwenu mna msitu?" Akasema, "Hapana, Mwalimu. Mbele yangu kuna watu wasioshika vizuri." Alichapwa fimbo moja kwa jibu hilo, lakini kuni zilipokelewa.

Baada ya shule alilima pareto na viazi pamoja na baba. Kwenye kikundi cha akina mama kanisani alijifunza kufuma masweta, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake mpaka mwisho. Hakununua uzi mpya. Alinunua sweta la mtumba lililochakaa, akalifumua, akaufua uzi, akafuma upya. Wengi wenu hapa mmevaa kazi ya mikono yake, na kama mkono mmoja ni wa kijani na mwingine wa kahawia, basi hilo ni la kwake kweli.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa takatifu na Ebeneza Mgaya, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ema na Steven. Mwaka 1989 walihamia Lyamkena wakajenga nyumba ambayo hawakuikopea hata msumari. Walipikia jiko la maranda, yale mabaki ya mbao aliyobeba Ebeneza kila jioni kwenye kiroba. Maji ya mvua yaliingia kwenye mapipa, mahindi yalitoka shambani, sabuni alipika mwenyewe. Umeme ulipofika mtaani kwao mwaka 2011, nyumba nzima ilikuwa na balbu moja. Waliihamisha kwa mkono, imeshikwa na kitambaa kwa sababu ya joto. Siku moja Ebeneza akalalamika, "Mama Ema, niachie taa nimalize kula." Marehemu alikuwa ameshaifungua. "Mdomo wako unajua ulipo, Baba Ema," akamwambia, akaondoka na mwanga. Waliishi kwa upendo hivyo hivyo mpaka tarehe 2 Novemba 2014, Ebeneza alipofariki kwa ugonjwa wa shinikizo la damu.

Baada ya hapo hofu iliingia katika nyumba ile, nasi ndugu zake tuliiona ikiingia tukaiita busara. Mwaka 2019 wezi walipanda juu ya bati wakang'oa sola yake. Marehemu alikuwa ndani, akisikia miguu yao, akiomba. Mei mwaka 2023 walirudi, mchana, akiwa ibadani. Walipitia dirisha la chumbani, wakachukua redio, mablanketi mawili na gunia la maharage. Alinunua redio nyingine ya betri, na kila taarifa ya habari aliisikiliza kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Vita huko mbali, mafuta yamepanda, umeme utakatika maeneo haya na haya. Kila habari ya namna hiyo ilipotoka alinunua gunia jingine la mkaa wa miti ya miwati. Magunia hayo hakuyaweka jikoni, maana jikoni kuna mlango wa mbao. Aliyapanga chumbani alikolala, mpaka yakafika usawa wa kifua.

Ndipo alipomwita fundi Mikaeli azibe dirisha. Mlango wa chumba ukawekwa wa chuma, na komeo nene kwa ndani. Vilipobaki vitundu vya hewa juu ya ukuta, marehemu akasema navyo vizibwe. Mikaeli alishuka kwenye ngazi.

"Mama, hivyo niache. Nyumba inatakiwa ipumue."

"Nyumba ina mapafu, Mikaeli? Kwenye tundu linapita baridi, na baridi inamwonyesha mwizi njia. Ziba, mwanangu."

Mikaeli akaziba. Ametuambia kwamba alipomaliza alisimama katikati ya chumba, akaona sauti yake mwenyewe imekuwa ndogo.

Steven ni dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani. Mwaka 2022 alimwoa Anneth, akamleta aishi na mama yake, naye analala chumba cha uani na mtoto wao Rejoice. Marehemu na Anneth walitaniana kama watu wa rika moja. Steven aliwaletea mtungi wa gesi. Marehemu aliufunika kwa kitambaa cha kufuma akaupanga pembeni kama pambo. "Ule ni bomu," alisema. "Mkaa nimezaliwa nao, naujua tabia." Anneth akamjibu, "Mama, hata nyoka wa nyumbani ana tabia yake." Wakacheka wote wawili.

Juni mwaka huu kuku waliibwa nyumba tatu mfululizo mtaani, na marehemu akawaingiza wake ndani, kwenye ukumbi mdogo karibu na jiko la mkaa. Asubuhi ya tarehe 19 alikuta kuku saba wamekufa. Hawakuwa na jeraha. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo, wamelaliana kama waliokuwa wakisogeleana. Kila aliyepita alisema ni kideri, maana ni msimu wake. Marehemu naye akasema kideri, akawafukia nyuma ya nyumba akisikitika kwamba hata kuwala ameogopa. Anneth peke yake ndiye aliyekataa.

"Mama, kideri huanza na kuharisha na shingo kupinda. Hawa wamelala tu. Ni hewa ya jiko."

"Hewa ya jiko imenipikia miaka sitini, leo ndiyo imekumbuka kuku?"

Tangu siku hiyo Anneth alikuwa akilitoa jiko nje kila jioni kabla ya kwenda kulala. Majirani walimwona akipita nalo, kuingia na kutoka. Mkumbuke jambo hilo, maana hapo ndipo maneno yalipozaliwa.

Alhamisi tarehe 3 Julai umeme ulikatika. Manyunyu yalianza, upepo ukawa wa kukata masikio. Ema alimpigia simu kutoka kwake Mjimwema, Njombe, akimwomba aende akae naye mpaka baridi ipite. Marehemu akamjibu, "Niache nyumba na nani? Wanaolia leo ni wenye kutegemea waya. Mimi ninao mkaa." Ijumaa umeme haukurudi. Jumamosi haukurudi. Jioni ile ya Jumamosi walikula makande pamoja, Anneth akiwa ameingiza jiko ili Rejoice apate joto. Kwenye saa moja alilitoa akaliweka kwenye kibaraza, akalifunika majivu, akamwambia mama mkwe wake, "Mama, nimelitoa. Wakumbuke kuku." Marehemu akamwambia, "Kuku hawana akili. Nenda kalaze mtoto." Anneth akavuka uani na mtoto mgongoni.

Wengi mnajua kwamba marehemu ndiye aliyetunza funguo za kanisa mtaani kwao kwa miaka kumi na moja, na hajawahi kuchelewa. Jumapili tarehe 6 Julai, saa moja asubuhi, mwinjilisti na waumini walikuta mlango wa kanisa umefungwa, wakasimama kwenye manyunyu wakiangaliana. Mwinjilisti akampigia Anneth. Anneth akagonga mlango wa mama mkwe wake, akaita, akagonga kwa jiwe. Mzee Alfonsi alikuja na nyundo, wengine wakaja na mtarimbo. Ule mlango ulitengenezwa ili usifunguke, nao haukufunguka. Dirisha lilikuwa ukuta. Ilichukua karibu saa nzima mpaka walipopanda juu wakatoa bati. Muda wote huo Anneth alikuwa amelala chini akiongea na mama mkwe wake kupitia upenyo wa chini ya mlango, na upenyo wenyewe ulikuwa umezibwa na nguo kwa ndani.

Walimkuta chini, kati ya kitanda na mlango. Jiko lilikuwa chumbani. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Alipelekwa hospitali Makambako, na siku hiyohiyo akahamishiwa Njombe. Daktari alitueleza kwamba ni hewa ya mkaa, haina rangi wala harufu, humlaza mtu akidhani anapata usingizi mzuri. Siku nne hakusema neno. Alhamisi tarehe 10 alifungua macho, akamtambua Ema, akauliza kanisa limefunguliwa na nani. Tulimshukuru Mungu tukadhani tumevuka. Lakini upande wa kushoto haukurudi, na kifua kikaanza kujaa.

Ijumaa ile walikuja wageni wawili kumwona. Majina yao hatutayataja, wapo hapa, nasi tunawapenda. Walidhani amelala. Mmoja akasema, "Mkwe gani huyo, mbona yeye hata kikohozi hakupata?" Mwenzake akajibu, "Si amelala uani! Jiko kaliingiza, akatoka zake. Nyumba sasa ya nani?" Marehemu hakufumbua macho. Walipoondoka, mdogo wake Eveline, aliyekuwa amekaa upande wa ukuta, aliona machozi yakimtoka kwenye kona ya jicho lililokuwa zima.

Mzee Alfonsi ametuomba tulisome hili, na tunalisoma kwa idhini yake. Yeye ndiye aliyesema kwenye mashine ya kusaga kwamba alimwona Anneth akiingiza jiko jioni ile. Alilisema kwa uchungu tu, na ni kweli alimwona. Hakumwona akilitoa kwa sababu aliingia ndani kukwepa upepo. Neno lake lilikuwa nusu, na nusu hiyo ikapata miguu. Ameomba msamaha kwa Anneth jana, mbele ya wazee.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 16 Julai 2025, saa nne asubuhi, Ema akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Ameacha watoto wawili, Ema na Steven, mkwe mmoja, Anneth, mjukuu mmoja, Rejoice, na wadogo zake watatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waumini wenzake, na majirani wa Lyamkena waliopanda juu ya bati siku ile. Bwana aliyempa pumzi, sasa na ampe pumziko lenye amani.

Limebaki jambo moja, ambalo marehemu alimwagiza Eveline Jumapili tarehe 13 Julai, akiwa na akili zake timamu, mbele ya mwinjilisti na muuguzi wa zamu. Alisema taratibu, akipumzika katikati, na Eveline aliyaandika maneno yake nyuma ya karatasi ya dawa. Tunayasoma kama yalivyo, kisha tutaelekea kaburini:

"Anneth alilitoa. Mimi niliona baridi, nikaenda kibarazani nikalirudisha, nikafunga. Siku ya kunizika, kabla ya wanangu, kabla ya ndugu zangu, udongo wa kwanza atupe Anneth."