Kichwa cha Mbasa na Chungu cha Umeme

Benchi letu liko Mbamba Bay, njia ya kwenda gatini, mbele ya kibanda changu cha kahawa. Buni zinatoka Mbinga kwa kaka yangu. Nazikaanga na kuzitwanga mwenyewe, na ndizo zilizomsomesha mwanangu Evarist. Siku ninayoisema, Mzee Othmar, baba mkwe wangu, alikuwa anatoka Liuli kuja kumwona Asnath, muuguzi kutoka Tanga ambaye Evarist anataka kumwoa. Bila neno la Mzee, hakuna mshenga wa kwenda Tanga. Na Mzee alishasema wazi kwamba msichana wa pwani hawezi kupika mbasa, samaki wa ziwa letu. Kwetu mbasa hakorogwi kwa mwiko. Chungu kinashikwa pande mbili kinazungushwa, samaki abaki mzima. Na kichwa chake hapewi mgeni. Mgeni anapewa mnofu wa mgongo, kichwa ni cha mtu wa nyumbani. Asnath hakuwa na habari ya hayo yote. Alileta jiko la presha la umeme, akalichomeka kwenye soketi ya kibanda na kuliweka juu ya kigoda. Ndani alipanga vipande vya mbasa na kichwa chake, kaa wa kwenye mawe, kamba wakavu waliotumwa na mama yake, mahindi mabichi, viazi, vitunguu saumu na pilipili. Akabonyeza kitufe cha samaki, akaniambia, "Mama, msiguse," akaenda gatini kumpokea Mzee.

Benchi likabaki na jiko.

— Hiki ni nini? — aliuliza Kapteni. Jina lake Kilian. Alikuwa akifunga kamba za meli, unahodha alijipa mwenyewe alipostaafu.

— Mchemsho wa baharini — nikamjibu. — Kila kitu kinachemka pamoja, kinamwagwa kwenye sinia, watu wanakula kwa mikono.

— Bahari iko wapi hapa?

— Iko kwenye kamba — akasema Profesa. Huyo ni Placidi, fundi simu, meza yake iko pembeni ya kibanda. — Wale wakavu. Wakiloana tu, bahari imerudi.

— Sawa. Lakini wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sasa umemfungia kifuniko, utamkunja saa ngapi?

Dunstan akacheka hadi kahawa ikamwagikia goti. Huyu ni kijana wa bodaboda, tunamwita Kitai kwa sababu ametokea Kitai, na kama mabasi ya huko, hapiti mahali bila kusimama.

— Oya, Kapteni, hilo dude usilisogelee. Jamaa mmoja wa Ukata alipikia maharage. Kifuniko kiliruka, mpaka leo ukilala kitandani kwake unaona maharage juu kwenye bati.

— Ulilala kitandani kwake kufanya nini?

— Nilisimuliwa!

— Haba na haba hujaza kibaba — Profesa akasema, kidole juu. — Kibaba kikijaa, kinapasuka. Ndiyo fizikia hiyo.

— Halafu Mzee Othmar ana presha — Kitai akaongeza. — Mwenye presha akila chakula cha presha, si zinajumlishana?

— Zinafutana — akasema Profesa. — Hasi kwa hasi ni chanya.

Nikawaambia wanywe kahawa waniache. Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo, nimefua, nimefagia, nimemwogesha mjukuu wa dada yangu, na bado nilikuwa sijui baba mkwe atasema nini. Sikuwa na nafasi ya fizikia.

Lakini benchi likishapata moto halizimiki.

— Nyie hamjui — akasema Kapteni. — Hili ziwa lenyewe ni jiko la presha. Chini kule kunachemka. Milima yote hii ni ukingo wa chungu. Mnadhani mawimbi ya mchana yanatoka wapi? Mvuke huo, unatafuta pa kutokea.

— Na kifuniko? — Kitai akauliza.

Kapteni akatazama juu.

— Mawingu.

— Kwa hiyo sisi tuko ndani ya chungu?

— Wewe ni kiazi. Umekuwa ndani tangu zamani, huivi tu.

Nilikwenda kumhudumia mama mmoja aliyetoka sokoni. Niliporudi nikamkuta Profesa ameinama mbele ya jiko, miwani puani.

— Amekosea huyu binti — akasema. — Kaweka muda mfupi mno. Hata salamu za Mmatengo, zilivyo ndefu, haziishi kwa muda huo. Kaa ana gamba, kamba ni mkavu kama msumari. Nimemrekebishia.

— Umemrekebishia nini?

— Nimebonyeza maharage.

Kulirudisha lilivyokuwa mwanzo sijui, na simu ya Asnath haikupatikana. Mbasa kwa muda wa maharage! Ningemwandalia Mzee uji, na uji huo ungekuwa harusi ya mwanangu.

— Profesa, ukiniharibia mkwe, utahamisha meza yako.

— Mama Evarist, subira yavuta heri.

— Heri ya mbasa si subira!

Hapo Kapteni akasimama. Alikuwa anakitazama kile chungu kama mtu anayemtazama mtoto akilia na mama hayupo.

— Hakijazungushwa — akasema.

— Nini?

— Chungu. Kina mbasa ndani na hakuna aliyekizungusha tangu kipo hapa. Mimi siwezi kukaa nikaona hivyo.

— Kapteni, ni cha umeme!

— Mbasa anajua umeme?

Akavua kofia, akaifanya kitambaa cha mkono, akashika masikio ya jiko, akalinyanyua na kulizungusha kushoto, kulia, kushoto, polepole, kama alivyofundishwa na mama yake. Kitai alikuwa ameshafika barabarani. Profesa alijificha nyuma yangu. Jiko lilifanya *tss*, taa zake zikazimika, Kapteni akalirudisha kwenye kigoda.

— Limezimika — nikasema.

— Limemaliza — akasema Profesa, kichwa kikichungulia begani kwangu. — Debe tupu haliachi kuvuma. Hili limenyamaza, maana yake limejaa.

Na mara hiyo Asnath akatokea na Mzee Othmar, mkoba wa Mzee mkononi mwake.

— Shikamoo, Baba — nikasema.

— Marahaba. Hawa wametulia hivi kwa nini? Kuna msiba?

Asnath alitoa mvuke uliobaki, akafungua. Harufu ikapanda mpaka mama wa sokoni akarudi. Akamwaga vyote kwenye sinia lililotandikwa majani ya mgomba, akakamulia ndimu: kaa mwekundu, mahindi, viazi, na mbasa kipande kwa kipande, mzima, ngozi yake juu. Nikapumua.

Mzee alinawa, akala kipande cha kwanza. Akala cha pili. Akavunja gunzi la hindi, akalinyonya mchuzi.

— Nani amezungusha chungu?

Kapteni akaangalia ziwa.

— Samaki hawi hivi mwenyewe — Mzee akasema. — Amezungushwa, na mkono wenye adabu.

Akachukua kichwa cha mbasa, akakiweka mbele ya Asnath. Benchi zima likapiga kelele. Kitai alipiga honi ya bodaboda. Asnath peke yake ndiye aliyekunja uso, akaninong'oneza:

— Mama, hajakipenda? Mbona ananirudishia?

— Kula, mwanangu. Kula hicho, kisha umpigie mama yako Tanga simu, mwambie akae tayari kumpokea mshenga.

Alipoelewa alicheka huku machozi yakimtoka, akasema ni pilipili. Tulikula sote, mikono hadi viwiko, Profesa akitueleza kwamba ni maharage yaliyosaidia. Mzee Othmar aliposhiba alinyoosha miguu chini ya kigoda, akainama, akaokota kitu.

— Na huu waya ulioanguka huku — akauliza — ni wa nini?

Ndipo nilipojua kwa nini mbasa hakuwa uji: Kapteni alipolizungusha jiko, waya ulichomoka, na maharage ya Profesa yakaishia hapo. Kapteni alivaa kofia yake. Profesa alikumbuka simu ya mtu. Mimi nilinyanyua birika nikalitikisa.

— Kahawa imekwisha, Baba.