Baba Chloé na "Elimu" ya Kando ya Reli

Huyu tunayemsindikiza leo ni Ruphin Cubaka Mushagalusa, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Chloé. Maisha yake tumeyakumbuka pamoja sisi wa familia, na anayewasomea ni shemeji yake, Théodore.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Nyangezi, eneo la Walungu, Kivu Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa hayati mzee Déogratias Mushagalusa na Mama Venantie Nabintu. Mama yake angali hai, ila leo hakuweza kuwa nasi, na sababu yake mnaijua: vita vya kwetu. Alikuwa akisimulia kwamba Ruphin alipozaliwa hakulia, akabaki anatazama tu, hadi wakunga wakaingiwa na hofu. Tabia hiyo ya kutazama kwanza na kusema baadaye hakuiacha mpaka mwisho.

Shule ya msingi aliisoma Nyangezi, ya sekondari Bukavu, akapata diploma ya serikali mwaka 1990. Alitamani kuendelea na chuo kikuu, lakini baba yake aliugua mgongo na nyumba ikahitaji mikono. Akaenda kufanya kazi katika shamba la mikwinini nje ya mji, akipandikiza miche na kuchuna magome yake, yanayotoa dawa ya malaria. Aliipenda kazi ile. Vita vya mwaka 1996 vilipofika, shamba likageuka kambi ya askari, miti ikawa kuni.

Aliondoka kwao mwaka 1998 kupitia Uvira, akavuka ziwa, akakaa Zambia kwa muda, na Julai 2001 akaingia Johannesburg. Alianzia Hillbrow, kwenye fleti ambayo watu walilala kwa zamu, mchana akilinda magari ya watu mtaani. Mwaka 2005 alipata kazi ya ulinzi kwenye bohari moja kule Jeppestown, inayopakana na reli, na kazi hiyo hakuiacha mpaka alipougua.

Huko relini ndiko alikokutana na miti. Siku moja ya baridi mwaka 2009 alimkuta mzee wa Kizungu kwenye uzio, amepiga magoti, ana msumeno na jembe. Kazi ya Ruphin ilikuwa kufukuza wezi, kwa hiyo akamuuliza anaiba nini. Mzee akajibu kwamba anachimba kisiki. Ruphin alishawaona watu wakiiba nyaya, mabati, milango, hata vyuma vya reli yenyewe, lakini mwizi wa kisiki hakuwahi kumwona. Akasimama kutazama, na baada ya kutazama akashika jembe akasaidia.

Mzee huyo ni Bwana François, fundi bomba mstaafu wa Kensington, ambaye amesimama nasi hapa. Ndiye aliyemweleza kwamba ile miti inayojiotea kwenye uzio ni elm. Mbegu zake hupeperushwa kutoka kwenye miti mikubwa ya mitaani, huota popote penye ufa, na kila mwaka wafanyakazi hupita na kuikata kwa panga. Mti unaokatwa namna hiyo haurefuki. Hunenepa shina, hupinda, huwa na sura ya kizee ungali mfupi. Ukiung'oa mwishoni mwa baridi kabla haujatoa majani, ukautunza kwa miaka ndani ya sanduku la kokoto kisha kwenye bakuli la udongo, unapata bonsai: mti mzima wenye shina na matawi yake yote, unaoweza kuubeba kwa mikono miwili.

Kanisani kwetu jina elm liliwashinda watu. Mama mmoja alimuuliza dada yangu Marcelline mbona mumewe haonekani Jumamosi, Marcelline akajibu ameenda kutafuta elm. Mama yule akasikia elimu. Habari zikaenea kwamba Baba Chloé amerudi shule, na Jumapili iliyofuata pasta akamwombea mbele ya watu wote afaulu mitihani. Ruphin aliinama akapokea maombi. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusahihisha, alisema maombi hayarudishwi. Kuanzia hapo mabakuli yale nyumbani yaliitwa "elimu ya Baba Chloé".

Pasta huyohuyo alipoujua ukweli, alitaka kuhubiri kwamba sisi wakimbizi ni kama miti ile iliyong'olewa. Ruphin alimkatalia kwa heshima. Alimwambia, "Pasta, mti ni mti. Mimi naupenda kwa sababu haunikumbushi kitu."

Alifunga ndoa na Marcelline Nsimire tarehe 11 Desemba 2004, katika kanisa la Wakongomani kule Bertrams. Marcelline ni msusi, ana kiti chake katikati ya mji. Wakajaliwa watoto wawili, Chloé mwaka 2005 na Gaël mwaka 2011, na wakahamia Troyeville kwenye vyumba viwili vyenye ua nyuma. Ua huo ndio uliowagombanisha. Mke alitaka mahali pa kuanikia nguo, mume akapajaza masanduku ya visiki. Hawakuwahi kupatana. Nguo za nyumba hii zilikaukia madirishani miaka yote, na Marcelline anasema kwamba kama angejua, angemwachia ua wote bila neno.

Mwaka 2021 mdudu yule mdogo anayetoboa miti, aliyekwishaua miti mingi ya mji huu, aliingia uani mwao. Aliletwa na kisiki alichokichimba Ruphin mwenyewe. Matundu yake ni madogo kama ncha ya sindano, na yalipoonekana muda ulikuwa umekwisha kupita. Bwana François alimshauri achome yote iliyoguswa, asije akaambukiza miti ya majirani. Ruphin aliichoma mmoja mmoja kwenye pipa, pamoja na ule wa kwanza aliouleta kutoka relini. Baridi iliyofuata alichukua jembe akarudi kwenye uzio.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2017. Alikunywa dawa zake vizuri na miguu yake aliilinda, kwa sababu alionywa kwamba kidonda cha mguu ndicho adui. Jumamosi, tarehe 2 Agosti mwaka huu, akiwa anachimba kando ya reli, waya wenye kutu ulipenya kiatu na kumchana chini ya kidole gumba cha mguu. Hakusikia maumivu, maana kisukari kilikwisha kuitia miguu ganzi. Alikuja kuiona damu nyumbani alipovua soksi.

Jumatano, Marcelline alimpeleka kliniki. Nje ya geti walisimama watu ambao hawakuwa wafanyakazi wa pale, wakimtaka kila anayeingia aonyeshe kitambulisho cha nchi hii. Ruphin alitoa karatasi yake ya ukimbizi. Mama mmoja, wa umri wake, aliipokea, akaisoma yote, akaikunja vizuri na kumrudishia. Akamwambia akatibiwe kwao. Marcelline alianza kubishana. Ruphin alimshika bega akamwambia waondoke, kwa maana aliona vijana wenye fimbo wakisogea. Wiki iliyofuata walirudi, wakawakuta watu walewale. Nyumbani waliosha kidonda kwa maji ya chumvi, wakanunua vidonge dukani. Marcelline alitaka kumpigia simu Bwana François, lakini marehemu alikataa. Hakutaka mzee wa watu asumbuke kwa kidole. Hapo alikosea, na sisi tuliomsikiliza tulikosea pamoja naye.

Tarehe 19 Agosti homa ilimpanda asijitambue. Marcelline alipiga simu bila kuomba ruhusa. Bwana François alifika na bakkie yake, gari dogo la mizigo lililokuwa bado na mchanga nyuma, akampeleka hospitali kubwa, na huko alipokelewa. Wauguzi walimhudumia kwa moyo, tunawashukuru. Lakini vidole vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi. Tarehe 22 mguu ulikatwa chini ya goti, na sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Wiki hizo maji yalikatika Troyeville mara kwa mara, na yaliyopatikana kwa ndoo yalikuwa ya kupikia na kufulia mashuka ya mgonjwa; miti haikupata. Siku moja marehemu aliuliza kama elm zimeanza kutoa majani. Marcelline hakutaka kumdanganya.

"Zimekauka, Baba Chloé. Karibu zote."

Akageukia dirisha. Kisha akasema, "Sharp, sawa. Basi umepata pa kuanika nguo."

Walicheka wote wawili, halafu Marcelline akatoka nje akalia.

Suala la kumrudisha kwao alilimaliza mwenyewe. Uwanja wa ndege wa kwetu umefungwa tangu Februari, na barabara ni za wenye bunduki. Aliniita mimi shemeji yake pamoja na dada yangu, akasema, "Mnizike hapahapa. Msimwache mama barabarani akingoja sanduku."

Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025, mchana, akiwa na miaka hamsini na minne. Marcelline, mtu pekee aliyekuwa naye mchana ule, alikuwa ameshuka chini kununua vocha ya simu ili ampigie mama mkwe wake. Aliporudi, yalikuwa yamekwisha.

Mtandao wa Nyangezi ulipatikana Jumapili, baada ya kujaribu sana. Tulikaa wote kuizunguka simu. Mama Nabintu alipoelezwa hakulia. Aliuliza jambo moja, tena kwa Kiswahili, ili na wajukuu wasikie: wakati roho inatoka, nani alikuwa amemshika mkono?

Marcelline alijifunika uso. Chloé anakielewa Kiswahili chetu tangu utotoni, lakini siku zote ametujibu kwa Kiingereza. Aliichukua simu mezani akaishika kwa mikono miwili, akamwambia bibi yake.

"Ni mie, Koko. Nilimushika. Hakukuwa peke yake."

Mama Nabintu akasema, "Aksanti, mwanangu. Sasa mumuzike."

Kwa neno hilo la mama yake tumekuja hapa leo, Jumamosi, tarehe 20 Septemba.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Venantie Nabintu wa Nyangezi. Mjane wake, Marcelline. Watoto wake, Chloé na Gaël. Kaka na dada zake walioko Bukavu, na wengine ambao tangu vita vya mwaka huu hatujui walipo. Mimi shemeji yake. Na rafiki yake, Bwana François.

Mungu amlaze Ruphin mahali penye utulivu, na ampe amani.