Bwana Hija Kificho na Perege wa Mto Mwera

Tarehe 31 Machi 1914, Bwana Hija Kificho wa Tumbatu anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya maji kwa miaka kumi na tisa.

Alianza mwaka 1895 akizoa matope ya visima vya mjini. Mwaka 1908 ilipoamuliwa visima na mabirika vitiwe samaki wa kula viluwiluwi vya mbu, kazi alikabidhiwa yeye. Aliwavua perege Mto Mwera, akawazalisha katika bwawa la ofisi, kisha akawaleta mjini ndani ya madebe, kwa gari la punda. Mtaani Malindi alipokelewa kama mshenga. Wenye nyumba walimkagua samaki kabla ya kumkubali, na bibi mmoja alikataa kupewa mmoja peke yake, akisema samaki huyo atakufa kwa upweke.

Samaki aliyedhoofika hakuuawa. Bwana Hija alimrudisha Mwera, akiwaambia wenyewe kwamba maji yanayokwenda yatamponya. Watu waliupenda utaratibu huo, na sisi ofisini tuliusifu.

Masika ya 1911, perege wa bwawani walitokwa na vidonda vyekundu ubavuni na mapezi yao yakalika. Wa majumbani nao wakaugua vivyo hivyo. Haukupita muda watu wa Mwera, ambao kitoweo chao hutoka mtoni, wakaona perege wao wanaelea wamekufa, na vidonda ni vile vile. Daktari alipima usaha kwa hadubini, akaona vijidudu. Alisema dawa hana, na kila mgonjwa anayetiwa mtoni anawaambukiza wazima.

Bwana Hija hakungoja kuulizwa. Alisema aliyewapeleka wagonjwa kule ni yeye, akaomba bwawa likaushwe na kumwagiwa chokaa, ingawa lilikuwa limejaa watoto wa samaki aliowalea mwenyewe.

Mjini ndiko kulikokuwa na kazi ngumu, kwa kuwa samaki wa majumbani nao ilibidi wakusanywe wauawe. Bi Bahiya wa Malindi hakutaka samaki wake auawe.

"Si wewe uliyenambia maji ya mto yanaponya?" alimuuliza mlangoni, majirani wakicheka. "Basi mrudishe kwao."

"Ni mimi, bibi, na nilikosea," alijibu Bwana Hija. "Nikimrudisha huyu, kwao hakutabaki samaki."

Bi Bahiya aliingia ndani, akamteka samaki kwa kata, akamtia debeni kwa mkono wake. Majirani nao wakaenda kuleta samaki wao.

Tangu siku hiyo kila kisima na kila birika lina wavu wake na debe lake, ili ugonjwa usihame, na samaki aliyeingia mjini harudi mtoni. Perege wa Mwera walipungua sana mwaka ule, lakini waliobaki walizaana wakiwa safi. Mwaka jana tulilijaza bwawa kwa kizazi chao, na watu wa Mwera wanavua kama zamani.

Bwana Hija, tunakushukuru kwa kazi yako, na zaidi kwa jibu lako mlangoni pa Bi Bahiya. Umetuachia mto ukiwa mzima, nasi tutautunza. Fika Tumbatu salama, upumzike na Bi Mwanakheir na wajukuu, na Mungu akujaalie afya na umri wenye heri.