Harmen Wierda na Seti ya Kwanza

Ndugu waombolezaji, majirani, wanachama wa klabu, na ninyi mliowahi kuwa wanafunzi wa marehemu, mimi ni Baukje, dada yake mkubwa, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami naomba mnisikilize mpaka neno la mwisho, kahawa na keki haviendi popote, kwa sababu niliyoyaweka mwishoni ndiyo yaliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Marehemu Harmen Wierda alizaliwa tarehe 11 Machi 1961, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji huu wa Bolsward, mtoto wa pili na wa mwisho wa Sjoerd na Tjitske Wierda, watu waliosema maneno machache kwa siku, na mengi ya hayo waliwaambia ng'ombe. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Sneek, kisha chuo cha ualimu Leeuwarden, na huko ndiko alikoshika raketi kwa mara ya kwanza mwaka 1979, akawa haonekani nyumbani Jumapili hata moja, mpaka baba akasema kijana amepata ugonjwa na hatapona. Tulicheka wakati ule.

Kuanzia Agosti 1984 alifundisha jiografia Sneek, na jioni alifundisha tenisi kwenye viwanja vyetu vya vumbi jekundu kando ya mfereji. Nguvu hakuwa nazo, mpira wake wa kuanzia hata bibi yetu angeurudisha, lakini kichwa alikuwa nacho. Akishinda kura ya sarafu alichagua upande mbaya, upepo usoni, ili baada ya gemu moja tu wabadilishane na yeye aupate mgongoni, mwenzake akiwa bado hajapasha mkono. Mpinzani aliyejificha nyuma ya uwanja alimpigia mpira mlaini unaodondoka karibu na wavu, akisema mtu akitoka maficho yake amekwisha. Na baada ya kila pointi, iwe nzuri au mbaya, aligeuka, akampa mpinzani mgongo, akanyoosha nyuzi za raketi kwa vidole, ili mtu asiusome uso wake.

Lakini silaha yake kubwa, mnaijua, ilikuwa seti ya kwanza kati ya zile tatu, ambayo aliitoa, akakubali kushindwa. Aliitoa kwa makusudi, akimwachia mwenzake apige kila alichonacho, naye akitazama mkono upi unachoka na mguu upi unachelewa. Kwenye fainali ya klabu ya mwaka 1994, akiwa nyuma gemu tano kwa moja, mpinzani wake alimuuliza mbele ya watu, "Wierda, leo umekuja kucheza au umekuja kunisindikiza?" naye akajibu kwa upole, "Endelea, bwana, nakusikiliza." Seti mbili zilizofuata yule bwana hakupata hata muda wa kufuta jasho. Tulimbeba Harmen mabegani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumshauri kitu.

Alifunga ndoa na Froukje Hiemstra tarehe 3 Juni 1988, baada ya miaka miwili ya kumtazama bila kusema lolote, na Froukje mwenyewe hupenda kusema, "Nilidhani ananidharau, kumbe ananisoma." Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Jildou, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1996, na maji hufuata mkondo, kwa sababu Jildou naye hugeuka, huwapa watu mgongo, hunyoosha nyuzi. Leo ndiye mchezaji wa kwanza wa timu yetu ya wanawake, na fainali ya mkoa ni tarehe 10 Juni.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Mimi na marehemu tulicheza pamoja mechi za wawili wawili kwa miaka mingi, yeye mbele wavuni, mimi nyuma nikianzisha mpira, kwa hiyo kisogo chake nilikijua kuliko mkewe alivyokijua, na kiangazi cha mwaka 2019 niliona juu yake doa jeusi, dogo kama punje ya dengu. Nikamwambia, "Harmen, nenda kwa daktari," akasema, "Dada, unanivuruga, piga mpira." Kiangazi kilichofuata doa lilikuwa limetanuka, kingo zake zimeharibika, nikamwambia tena, safari hii kwa hasira, mbele ya klabu nzima, nanyi mlikuwepo, naye akatabasamu akasema, "Naliacha licheze kwanza, nalisoma." Mkacheka. Februari 2021 ndipo alipokwenda, na kitu kile, saratani ya ngozi, kilikuwa kimekwisha kuingia kwenye tezi za shingo, kisha mapafu, akaacha kazi, akatibiwa kwa miaka miwili, akififia mbele ya macho yetu. Wazee wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeuona msemo huo ukitembea kwa miguu.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 16 Mei 2023, dirisha likiwa wazi na milio ya mipira ikisikika kutoka viwanjani. Siku mbili kabla alinishika mkono akaniambia, "Dada, huyu hakuwa na seti ya pili."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, na majirani waliotuletea supu na mkate wa sukari na leo watakaobeba jeneza. Nilipaswa kuishia hapo.

Lakini Alhamisi nilimsaidia Jildou kujaribu gauni hili jeusi alilovaa, nikanyanyua nywele zake nifunge zipu, na kwenye bega la kushoto, kwa nyuma, mahali asipoweza kupaona mwenyewe bila kioo, nililikuta. Dogo kama punje ya dengu. Nikamuuliza kama analijua, akasema, "Nalijua, Shangazi. Nalitazama kwanza. Baada ya fainali." Kisha akanipa mgongo, akawa ananyoosha mkono wa gauni kwa vidole, akasema, "Ukimwambia Mama, mimi na wewe basi." Sikumwahidi kitu.

Froukje, wifi yangu, pole kwa kuyasikia hapa. Jildou, chukia utakavyo, ulikuwa umejificha nyuma na nisingekufikia kwa njia nyingine, nimekupigia ule mpira mlaini wa baba yako na sasa uko wavuni, watu wote wanakuona. Huenda si kitu, lakini hata la baba yako tulisema huenda si kitu. Daktari Postma, aliyekaa safu ya tatu, anakungoja kesho saa mbili asubuhi, nami nitakuwa mlangoni kwako saa moja.

Sasa, kwa desturi ya kwetu, tutalibeba jeneza la Harmen kulizunguka kanisa mara tatu, kama walivyozungushwa baba na mama, na mimi nitatembea nyuma ya Jildou, macho yangu yakiwa begani kwake.

Lala salama, mdogo wangu. Hii ya kwanza hatuitoi.